Chai ya Mvunguni

Kwenye kituo kimoja cha kununua majani, upande wa Kimulot ambako msitu wa Mau huanza kuteremsha baridi yake, kuna benchi la gogo la mkaratusi linalotazamana na mizani. Watu huliita Mizani Ndogo. Mizani kubwa hupima majani na hii hupima maneno, ila mizani kubwa ina karani wa kukataa majani mabovu, na hii haijawahi kukataa neno la mtu. Ajabu yake nyingine ni kwamba hapo wakulima wa chai hunywa kahawa. Mtu aliyeshinda na chai mgongoni tangu alfajiri hana hamu ya kukutana nayo tena kikombeni, na Dorcus, aliyeligundua hilo mapema, huweka thamosi la kahawa nyeusi kwenye kibanda chake cha mabati kando ya benchi na kuuza mpaka lori la kiwanda lije. Lori nalo huja linapotaka.

Alhamisi moja Kipchirchir alifika kabla ya wenzake, amevaa koti la harusi juu ya gambuti, na kwapani amebana mkebe wa bati. Benchi zima siku hizi lilimwita Kiwanda, na jina hilo alikuwa amelipata kwa kosa. Siku moja ya mvua kubwa lori lilikwama darajani, karani akawaambia watu warudi nyumbani na majani yao. Kipchirchir alikuwa na haraka, kwa kuwa yeye na mkewe Chepngeno, Mama Cherono kwa majirani, walikuwa wakingojwa Merigi kwenye koito ya mpwa wake, na posa bila mjomba si posa. Akayatandaza majani juu ya magunia mvunguni mwa kitanda, ndani ya nyumba ya jiko ya zamani ya marehemu mamake ambamo Chepngeno hutunza vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandishwa, akafunga mlango, akaenda zake. Huko Merigi shughuli ikanoga, mvua ikakata barabara, na majani yakamtoka kabisa akilini.

Aliporudi aliyakuta yamenyauka na kuwa mekundu, yananukia mapera yaliyoiva. Aliona aibu kuyatupa. Akayafikicha kwa mikono, akayakausha kwenye kikaango cha chapati, akachemsha kidogo ili tu asiseme kazi imepotea bure. Alikunywa, akamwita mkewe. Chepngeno alikunywa, akauliza ni nani ametia asali.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Mwalimu Ogari alituma fungu dogo Nairobi kwa mwanafunzi wake wa zamani, dada mmoja aitwaye Maxine, anayenunua chai za kutengenezwa kwa mkono na kuwauzia watu wanaojua tofauti. Maxine akapiga simu. Akasema atakuja mwenyewe Alhamisi, aionje hapo hapo ilipozaliwa. Chai yote iliyobaki ilikuwa ndani ya ule mkebe.

Na kilichokuwa njiani hakikuwa sifa peke yake. Kipande cha juu cha shamba, chenye michai aliyoipanda mamake akiwa na mimba yake Kipchirchir, kilikuwa kimezeeka na kutoa majani machache. Chepngeno alitaka ing'olewe. Miche ya avokado ilikuwa imeshapangwa kwenye mifuko nyuma ya nyumba, na vijana wa kung'oa walikuwa wameambiwa Jumamosi. Hakuwa na ubaya, alikuwa na hesabu, na Kipchirchir hakuwa na neno la kumjibu mpaka chai ile ilipotokea. Walipatana hivi: dada wa Nairobi akinunua, michai itabaki. Kipchirchir aliipenda michai ile.

Lakini leo alikuwa na uhakika. Aliketi, akauweka mkebe magotini, akawangoja wenzake.

Wa kwanza kuja alikuwa Oyugi, ambaye alistaafu kazi ya kuchochea boila kiwandani na kubaki na jina hilo, Boila, pamoja na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Nyuma yake alikuwa Njenga mwenye duka, aitwaye Bei kwa sababu hata ukimsalimu atakuambia vitu vimepanda. Mwisho akaja Ogari mwenyewe, mwalimu wa sayansi wa shule ya pale juu, ambaye jina lake la benchi ni Mwalimu tu, kwa maana hakuna aliyeweza kupata la kumkera zaidi.

— Dorcus, kahawa, Boila alisema kabla hajaketi.

— Imeisha.

— Imeisha aje saa hii?

— Watu wa kupasua mbao walipita asubuhi wakamaliza. Niko na maji moto tu.

Macho matatu ya watu watatu, na mengine matatu, yakatua kwenye mkebe.

— Hii ni ya mgeni, Kipchirchir alisema.

— Hakuna mtu amesema si ya mgeni, Boila alijibu. Lakini mgeni akikuuliza hii chai imetengenezwa aje, utamwambia nini?

— Nitamwambia ni majani.

— Unaona? Huyu atatuaibisha. Omera, ndugu yangu, mimi nimezeekea kiwandani. Mgeni anataka kuelezwa, na mimi siwezi toa ripoti bila kuonja. Dorcus, weka kidogo. Kidogo tu.

Kipchirchir alifikiri. Mkebe ulikuwa umejaa nusu, na mtu mmoja hawezi kuonja nusu mkebe. Akaufungua. Harufu ya mapera ikatoka, na hata karani aliyekuwa akifuta mizani akageuza kichwa. Dorcus akatia kidogo kwenye birika, akangoja, akamimina vikombe vinne.

Walikunywa bila neno, na kwa benchi lile hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko hotuba.

— Moto, Boila alisema mwishowe. Hii ni kazi ya moto. Si ile jiko ndiyo Mama Cherono husugulia vibuyu na makaa ya mti wa senetwet? Sasa hiyo makaa huwa inabaki imelala kwa majivu, inatoa joto pole pole. Ni kama boila ndogo. Ndiyo maana wazee walisema haraka haraka haina baraka. Kiwanda angekuwa na haraka ya kurudi kutoka Merigi, leo hatungekuwa tunakunywa.

— Makaa ilikuwa imezima, Kipchirchir alisema.

— Uliiona ikizima?

— Sikuiona.

— Basi.

Njenga aliweka kikombe chini, akajifuta mdomo kama mtu anayetaka kufunga hesabu.

— Nyinyi mnazunguka tu. Kiwanda, hayo magunia ulitoa wapi?

— Kwako dukani.

— Ilikuwa imebeba nini?

— Sukari nguru.

— Sukari nguru, Njenga alirudia, akiwatazama mmoja mmoja. Kesi imeisha. Majani imelala kwa gunia ya sukari nguru, imekunywa utamu. Na ilikuwa wapi? Mvunguni. Wazee walituambia, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walikuwa wanaongea juu ya chai, ni vile tu hakuna mtu alikuwa anawaskiza.

— Wazee gani? Boila alidakia. Wazee wa hiyo methali hawakuwa na chai.

— Ndiyo unajua walikuwa na akili. Dorcus, weka ingine kidogo nitafute hiyo sukari na ulimi.

Dorcus alimtazama Kipchirchir. Kipchirchir akatikisa kichwa kukubali. Ukweli ni kwamba alikuwa akijisikia vizuri mno. Maisha yake yote pale alikuwa mtu wa kusikiliza, na sasa watu watatu wenye sauti walikuwa wakigombania chai yake. Kila kikombe kilimpandisha kidogo.

— Sasa mniskize mimi, Ogari alisema, na benchi likajua somo limeanza. Sayansi mingi imetokea kwa makosa. Kulikuwa na daktari mmoja Uingereza alikuwa anakuza viini kwa visahani. Akaenda likizo, akaacha visahani kwa meza. Kurudi, moja imeota ukungu, na pale ukungu iko, viini vimekufa. Hiyo ndiyo ilileta penisilini.

— Kwa hivyo ile sindano yote tumedungwa ilitoka kwa vyombo hazijaoshwa, Njenga alisema.

— Kwa njia hiyo, ndiyo.

— Bibi yangu asiskie hiyo.

— Na kuna mwingine, wa Amerika. Alikuwa amesimama karibu na mashine ya mawimbi, chokoleti ikamyeyukia mfukoni. Kutoka hapo ikaja maikrowevu.

Boila aligeuka taratibu.

— Mwalimu, mimi nimesimama kando ya boila miaka yote hiyo, na mandazi kwa mfuko. Sikugundua kitu.

— Mandazi ilikuwa inafanya nini?

— Ilikuwa inapata moto.

— Na wewe ulikuwa unafanya nini?

— Nakula.

— Hapo sasa, Ogari alisema, akiinua kidole. Hiyo ndiyo tofauti. Yule alijiuliza kwa nini imeyeyuka. Wewe ulikula. Bahati ilikuja kwako kila siku saa nne, na ikapata mdomo wazi.

Walicheka, Boila zaidi ya wote, na Kipchirchir akacheka mpaka koti likamfunguka kifungo. Hata hakufikiria kwamba kidole kile cha Mwalimu, kikigeuzwa kidogo, kingemwelekea yeye. Ogari naye hakufikiria, kwa sababu alikuwa na jibu tayari.

— Hii yetu ni kama ile ya ukungu. Ni mursik. Vibuyu vya maziwa imekaa hiyo nyumba tangu mama mzee akiwa hai. Ukuta umejaa vile viini vya kugandisha maziwa. Kiwanda alifunga mlango, viini vikaingia kwa majani. Unajua wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hapo walikosea. Kiwanda hakuwepo, na lake likawepo. Angekuwepo angeharibu.

— Asiyekuwepo na lake liko, Njenga alisema. Hiyo ni mpya. Hiyo naandika kwa ukuta ya duka.

— Lakini lazima nipime kama kuna uchachu, Ogari aliongeza, akamnyooshea Dorcus kikombe.

Kuanzia hapo nadharia zilipoteza breki. Dorcus, ambaye alikuwa akionja pamoja nao kutoka ndani ya kibanda, alisema ni radi, kwa maana usiku ule radi ilipiga mti juu ya shamba la Kiwanda na hata maziwa yake mwenyewe yaliganda. Boila akasema kama ni hivyo basi ni kuku, kwa sababu aliwahi kumwona kuku wa Mama Cherono akitoka katika jiko lile, na kuku akilalia kitu hukipa joto moja, halipandi halishuki, bora kuliko boila yoyote ya kizungu. Njenga akauliza kama majani yangeanguliwa. Ogari akasema kisayansi haiwezekani, kisha akauliza kuku huyo ni wa rangi gani.

— Ngoja, Njenga alisema. Ililala siku ngapi?

— Mbili, Kipchirchir alisema.

— Tatu, Dorcus alisema. Mlienda Ijumaa mkarudi Jumatatu.

— Tulienda Jumamosi.

— Jumamosi ulikuwa hapa ukikunywa kahawa yangu.

— Hiyo ilikuwa Jumamosi ingine.

— Siku si kitu, Boila aliamua. Chai haina kalenda.

Na benchi likakubaliana kwamba chai haina kalenda.

Kijiko cha Dorcus kiligonga chini ya mkebe. Kipchirchir aliisikia ile sauti ya bati tupu.

— Hii ndiyo ya mwisho, Dorcus alisema. Niweke ama niache?

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema acha, na Kipchirchir aliiona nafasi yenyewe. Lakini Boila alikuwa ameshasema watu wa Nairobi huchelewa, na Njenga alikuwa ameshasema kwa mwenye chai ndiko chai iliko, na yeye mwenyewe, tuseme kweli, alikuwa ameanza kuamini kwamba ukifunga mlango tu na kwenda kwenye sherehe, nyingine itakuja. Akaitikia kwa kichwa. Dorcus akaweka.

Walikuwa wakimalizia vikombe pikipiki iliposimama kando ya mizani. Aliyeshuka alikuwa msichana mwenye gambuti zilizojaa matope na mkoba begani.

— Habari zenu wazee, na wewe Mwalimu. Ni nani Mzee Kipchirchir?

Walisimama wote wanne, hata wale ambao hawakuwa Kipchirchir. Na kabla hajapewa mahali pa kukaa, Maxine alikuwa ameshapokea makaa ya senetwet kutoka kushoto, sukari nguru kutoka kulia, mursik kutoka mbele na radi kutoka kibandani. Alisikiliza yote kwa adabu. Kuku alimfanya atabasamu. Kisha akatoa kwenye mkoba kikombe kidogo cheupe.

— Sasa nionje.

Dorcus alimwelekezea mdomo wa mkebe ili aone ndani. Maxine akaona.

— Tulikuwa tunafanya utafiti, Boila alisema.

Kipchirchir alitamani ardhi ya Kimulot, ambayo humeza malori mazima, immeze na yeye. Maxine hakumtazama. Alifunua birika, akachungulia machicha, akaomba maji moto, akamimina juu yake na kungoja. Chai iliyotoka ilikuwa nyepesi, rangi ya majani makavu ya mahindi. Aliinusa kwa muda mrefu, kisha akaivuta kwa kelele ile ya waonjaji, na karani wa mizani akaacha kufuta.

— Hii ni nzuri, alisema. Hata ikiwa imechoka hivi, ni nzuri sana. Sijaonja ingine kama hii huku.

Benchi likafura kwa majivuno. Boila alimpiga Njenga begani, na Ogari akasema hakuna kitu kinashinda sayansi. Kipchirchir aliona michai ya mamake imesimama pale ilipo, na Jumamosi ikipita bila jembe.

— Sasa Mzee, Maxine alisema. Nikikupatia majani mabichi saa hii, utaanza na nini?

Boila alivuta pumzi, akaiachilia. Njenga alitazama duka lake lililokuwa mbali. Ogari alifungua mdomo, lakini swali lilikuwa la kazi na yeye alikuwa na jibu la darasa. Wote wakamgeukia Kipchirchir, na Kipchirchir akarudi kimawazo katika jiko la mamake. Alijiona akifunga mlango. Alijiona akiufungua, na majani yamekuwa mekundu. Katikati hapakuwa na kitu. Hakujua kama yalichemka au yalipoa, kama kuku aliingia au hakuingia, kama ni siku mbili au tatu. Hakujua hata ni magunia yapi yalikuwa juu na yapi chini, kwa kuwa alikuwa ameshayafua yote.

— Sijui, alisema. Sikuwepo.

Ogari alitazama chini, na ile methali aliyoirekebisha ikakaa katikati yao kama mgeni ambaye hakualikwa.

— Basi mimi siwezi kununua kitu imetokea mara moja, Maxine alisema, bila ukali. Nanunua yenye inaweza tokea tena. Mimi hupita huku mvua ikipungua. Nikipata umeijua, tutaongea.

Alikisuuza kile kikombe cheupe, akakiweka mkononi mwa Kipchirchir.

— Hiki baki nacho. Kuonja kila siku kwa kikombe moja kunasaidia.

Pikipiki ikamrudisha alikotoka. Wakati huo ndipo Kipchirchir alipomwona mkewe. Chepngeno alikuwa amesimama kando ya mizani na kikapu cha majani mgongoni, na uso wake ulisema ameyasikia yote. Majani yale alikuwa ameyachuma kipande cha juu. Huenda ulikuwa uchumaji wa mwisho.

— Jumamosi iko pale pale, Baba Cherono, alisema polepole. Pole.

Alianza kukiteremsha kikapu mizanini. Kipchirchir alivuka ule uwanja wa matope kwa hatua ndefu, akaushika mkanda.

— Hii usipime.

— Unaipeleka wapi?

— Mvunguni.

Alisema kwa sauti ambayo benchi halikuwahi kuisikia kutoka kwake, kisha akawageukia.

— Boila, umesema ni makaa. Tafuta makaa ya senetwet ukuje uwashe, na utaniambia kila wakati joto iko aje. Bei, leta gunia ingine ya sukari nguru, na ingine safi haijabeba kitu. Nusu ya majani itakaa kwa hii, nusu kwa ile. Mwalimu, kuja na saa yako. Nataka kila kitu iandikwe vile inatokea, si vile unafikiria.

— Mimi mgongo, Boila alianza.

— Mgongo utakaa chini kama sisi. Umesema wewe ndiye ripoti.

— Na kuku? Njenga aliuliza.

— Kuku pia tutaleta. Lakini mwisho, tujue kama ni yeye.

Chepngeno alikuwa bado hajaachilia kikapu. Alimtazama mumewe kuanzia koti la harusi mpaka gambuti, kama anayemtafuta mtu ndani ya mavazi yale.

— Na wakati majani inabadilika, wewe utakuwa wapi?

— Hapo.

— Kwa sakafu?

— Kwa sakafu. Nikisinzia uniamshe.

Chepngeno akaachilia mkanda, na uzito wote ukamwangukia Kipchirchir begani.

— Miche inaweza ngoja kwa mifuko mpaka huyo msichana apite tena, alisema. Nitaimwagilia maji. Lakini usikalie ile kiti ya mama. Hiyo italaza mtu yeyote.

Kipchirchir alimshukuru, akakiweka kikapu sawa begani. Akakitia kile kikombe cheupe mfukoni mwa koti, wakaanza kupanda kilima, yeye na kikapu mbele, mkewe kando, na nyuma yao wazee watatu wakibishana kwa sauti ya chini nani atakaa karibu na mlango.

Siku hiyo lori liliamua kuwahi. Dereva aliteremka, akalikuta benchi halina mtu, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu apewe njia hiyo. Akamuuliza Dorcus watu wa Mizani Ndogo wamepatwa na nini.

— Wamepanda kwa Kiwanda, Dorcus alisema, akisuuza birika. Leo wameamua kuwepo.